Bwana Kichwa na Maji ya Kisima

Siku niliyorudisha funguo za chumba cha kompyuta, ninyi vijana wa idara mliniomba niwaandikie mambo ya zamani. Nikawauliza zamani ipi, mkajibu ile ya disketi. Basi nimekaa barazani kwangu Nzuguni, miwani puani, naandika. Habari za vyeo siziweki humu. Vilichelewa kuja, na vilipokuja havikubadilisha ladha ya chai. Nitaeleza nilivyofika, aliyenifundisha kazi, na ule msimu ambao karibu kila aliyelala kwenye mashine yetu aliambiwa ana maji kichwani.

Mimi ni mtu wa Tukuyu. Kwetu mvua haipigi hodi, na hakuna anayezungumzia maji kwa sababu yapo tu, kama hewa. Asubuhi niliyoshuka Dodoma na sanduku langu niliagiza chai pale stendi, nikapiga funda moja, nikamwita mhudumu nimweleze kwa upole kwamba wamechanganya kopo la chumvi na la sukari. Mhudumu alinitazama kama mtu aliyeshalijibu swali hilo mara nyingi.

"Sukari tumetia sisi, dada," akasema. "Chumvi imetoka nayo kisimani."

Hiyo ilikuwa miaka ya soko huria, kila kitu kinaingia nchini kikiwa kimeshatumiwa na mtu mwingine: makoti, friji, mabasi yenye maandishi ya Kijapani ubavuni. Na hospitali yetu nayo ikapata mtumba wake, mashine ya kupiga picha za ubongo. Ilikuja kutoka Ulaya ikiwa na vibandiko vya onyo katika lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeijua, kwa hiyo hatujui mpaka leo tulikuwa tunaonywa nini. Pamoja nayo ilikuja kompyuta yenye programu ya ukaguzi. Kazi ya programu hiyo ilikuwa kuipitia kila picha kabla haijamfikia daktari: mgonjwa alitikisika? Picha ina ukungu? Mwanga wa ubongo uko pale unapotakiwa kuwa? Ikiridhika iliweka alama ya kijani. Ikiona jambo la kutisha iliweka nyekundu na maneno mawili matatu ya maelezo. Mimi niliajiriwa kuiangalia programu yenyewe. Mama yangu aliponiuliza kazi yangu ni nini nilimwambia kuna mkaguzi, na mkaguzi akiugua mimi ndiye ninayemuuguza. Akaniuliza kama ana familia.

Mkuu wa idara alikuwa Mama Ndahani, Mgogo wa upande wa Kongwa, mwembamba, mwenye koti jeupe lililopigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Siku ya kwanza niliingia nimebeba vyeti vyangu kifuani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa kompyuta?"

"Ndiyo, Mama."

"Kompyuta haikimbii. Nyumbani kwako umejaza maji?"

"Nimepanga Area D, Mama. Kuna bomba."

Akaweka kalamu chini. Nadhani alinihurumia. "Bomba lipo," akasema. "Maji yatakuja yakipenda. Yakija, jaza kila chombo. Usichague."

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo elekezi yangu. Nilidhani ananitania, mpaka juma lililofuata nilipooga kwa maji ya chupa ya dukani, bidhaa mpya ya enzi hizo, huku nikijiona nimekuwa mwanasiasa. Baadaye nilielewa. Pale hospitalini bomba letu lilikuwa la kisima, lina maji yenye chumvi ambayo sabuni ikiyaona inakataa kutoa povu, na hata hayo yalitoka kwa zamu zake yenyewe. Yakianza kukoroma ndani ya bomba, idara nzima iliacha kazi. Ndoo, madumu, majagi, sufuria ya chai, vyombo vya chuma vya wodini, vyote vinapangwa foleni. Hakuna aliyetoa amri. Mikono ilikwenda yenyewe. Nimemwona kwa macho yangu mhasibu akijaza maji kwenye kofia yake ya pikipiki, mtu mwenye shahada.

Upande wa kazi, Mama Ndahani alinifundisha mengi ambayo chuoni hayakutajwa. Brashi laini ya mchoraji kwa ajili ya vumbi jekundu, maana Dodoma vumbi linaingia hata penye kufuli. Kuisikiliza stebilaiza kabla ya kuwasha kitu, kwa kuwa umeme wetu ulikuwa na tabia ya kupanda na kushuka. Disketi zikae kwenye kopo la biskuti lenye mfuniko, juu ya kabati, mbali na mchwa na mbali na watu. Na alikuwa na kauli yake moja, nikikurupuka kubonyeza vitufe: "Tazama kwanza. Mkono utapata kazi yake."

Alinitambulisha pia kwa Bwana Kichwa. Ninyi mnacho kipimo cha kisasa chenye jina refu, lakini cha kwetu kilikuwa chombo cha plastiki angavu, duara, ukubwa wa kichwa cha mtu mzima, kimejazwa maji safi kabisa, yaleyale yanayotiwa kwenye betri za magari, yasiyo na chumvi wala kitu kingine chochote. Kila asubuhi kabla ya wagonjwa tulimlaza kwenye kitanda cha mashine tukampiga picha. Programu ilijua kwamba maji safi lazima yasomeke sifuri. Yakisomeka juu ya sifuri kidogo, ilihesabu kwamba mashine imeamka vibaya, ikapunguza kiasi hichohicho kwenye picha zote za siku hiyo, kimyakimya. Yakizidi mno, iligoma. Ni utaratibu mzuri, ilimradi ndani ya Bwana Kichwa kuna maji safi.

Mama Ndahani hakumlaza bila kumsalimia. "Mbukwenyi, Bwana Kichwa," alikuwa akisema kwa Kigogo, kwa sauti ileile aliyowasalimia nayo wazee wa vijijini waliokuja wanatetemeka kuogopa mashine. Nikamuuliza siku moja kwa nini anasalimia plastiki. Akasema akiacha kumsalimia huyu asiyejibu, ataanza kuwasahau na wanaojibu.

Tuliishi hivyo vizuri, kijani kwa wingi, nyekundu pale inapostahili. Kisha ukaja mwaka ambao wafadhili waliotutafutia mashine walitangaza kututembelea. Mnajua hospitali inavyokuwa wageni wakitajwa. Mawe ya njiani yalipakwa chokaa. Mapazia yalifuliwa. Mti mmoja uliokauka uling'olewa ukaletwa mwingine, ambao nao ulikauka wageni hawajamaliza soda. Wakaja, wakasifu, wakaondoka.

Siku chache baadaye nyekundu zikaanza.

Mwanafunzi aliyeanguka na baiskeli: nyekundu, "ubongo umevimba, yawezekana maji." Mzee aliyepooza upande: nyekundu, maneno yaleyale. Hatukushangaa, waliokuwa wakiletwa kwetu walikuwa wagonjwa kweli. Kisha dereva wetu wa gari la wagonjwa, Juma, akagonga kichwa kwenye boneti akiwa anachungulia injini, na kwa kuwa alikuwa karibu akapigwa picha. Nyekundu. Juma alitoka mle akaenda kula wali sahani mbili, akaomba na ukoko. Tulimtania kwamba maji yake yamepanda kutoka kwenye rejeta. Yeye akaipokea hali yake kwa mikono miwili, na kila alipotumwa safari ya mbali alishika paji la uso. Akafuata karani mmoja wa serikali mwenye kipandauso, naye nyekundu, akafurahi waziwazi kwamba sasa amepata sababu ya kusahau mambo.

Hapo nilianza kuwa na wasiwasi na mgonjwa wangu, yaani programu. Nilisafisha vumbi. Nilibadilisha waya. Nilipanda mjini kwenye duka la intaneti, nikakaa nyuma ya vijana waliokuwa wakitafuta wachumba, nikamwandikia barua pepe mtunzi wa programu huko kwao. Alijibu kwa adabu, akauliza kama tumejaribu kuzima na kuwasha. Nilimjibu kwamba shirika la umeme linatufanyia hivyo kila siku bila kuombwa. Akashauri niiondoe programu niipakie upya. Niliipakia kutoka kwenye disketi za kopo la biskuti, moja ikagoma, nikaipuliza, nikaiomba, ikakubali. Asubuhi tukamlaza Bwana Kichwa, tukapiga picha ya mgonjwa wa kwanza. Nyekundu.

Nilikwenda kwa Daktari Mushi, aliyekuwa akizisoma picha. Alikuwa mtu makini, wala simlaumu.

"Daktari, naona hizi nyekundu zimezidi. Huenda programu ina hitilafu."

"Huenda," akasema. "Umeiona hitilafu yenyewe?"

"Bado."

"Sasa mimi siwezi kupuuza nyekundu kwa sababu ni nyingi. Malaria nayo ni nyingi." Akanionyesha picha kwenye skrini. "Na ukitazama kwa macho, ubongo kweli umefifia. Niletee hitilafu, nitakushukuru."

Picha aliyokuwa akiitazama ilikuwa imeshapunguzwa mwanga na programu ileile, lakini mimi wakati huo akili yangu ilikuwa kwenye disketi.

Ndipo akaletwa Mama Sechelela kutoka Kibaigwa. Alikuwa mfanyabiashara wa mahindi, mnene, mwenye sauti ya kuita makuli kutoka upande wa pili wa barabara. Alikuwa amepanda juu ya shehena ya magunia kwenye lori kuhakikisha hawamdanganyi, gunia likateleza, naye akaja chini. Alizimia kidogo, akaamka akiwa anaendelea na ugomvi palepale alipouachia. Picha yake ilitoka nyekundu iliyokolea. Daktari Mushi akaamua: kesho asubuhi apelekwe Dar es Salaam akafunguliwe fuvu kupunguza shinikizo. Hakuamua kwa furaha. Njia ni ndefu, na kufungua fuvu la mtu ni jambo ambalo hata waliozoea hulala nalo vibaya.

Mchana huo nilikwenda wodini kuhakikisha jina na picha ni vya mtu mmoja, maana hitilafu za namna hiyo nazo zipo. Nilimkuta ameketi kitandani. Kichwani alikuwa na nywele zilizosukwa kwa ustadi, mistari myembamba iliyozunguka mpaka kisogoni, ya harusi ya mwanawe iliyokuwa karibu. Pembeni, kwenye sinia, muuguzi alikuwa ameshaweka wembe na sabuni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye mwenye mashine?"

"Mimi wa kompyuta yake, Mama."

"Hebu niambie. Wananiambia nina maji kichwani. Dereva aliyenisukuma kwenye kitanda cha magurudumu ananiambia naye anayo. Yule bibi wa kitanda cha dirishani naye kaambiwa anayo." Akanishika mkono. "Hiyo mashine yenu imewahi kumwambia mtu kwamba ni mzima?"

Nilitaka kumjibu kwamba imewahi, tena mara nyingi. Nikagundua sikumbuki lini mara ya mwisho. Hakuniachia mkono.

"Mimi mahindi yananielewa, watu wananielewa," akasema, sasa kwa sauti ndogo. "Lakini kufunguliwa kichwa naogopa. Naogopa nisiamke nikashindwa kumwona mwanangu anaoa. Hizi nywele nimekaa kutwa nzima kusukwa."

Nilirudi idarani nusu nikikimbia. Nikafungua picha za zamani zilizohifadhiwa, nikazipitia kurudi nyuma, nyekundu, nyekundu, nyekundu, mpaka nikafika juma la wageni. Kabla ya wageni kulikuwa na kijani kama kawaida ya Mungu. Baada yao hakuna hata moja. Programu haikubadilika juma lile, wala mashine haikuguswa na fundi. Kilichofanyika juma lile kilikuwa usafi tu.

Nikasimama katikati ya chumba, mikono nyuma, nikatazama kwanza, kama nilivyofundishwa. Nikamtazama Bwana Kichwa kwenye rafu yake. Aling'aa. Zamani alikuwa na ukungu wa kijani chini kidogo, kama mtungi wa maua. Sasa alikuwa safi kabisa, na kuzunguka kizibo chake kulikuwa na unga mweupe, mstari mwembamba uliogandamana. Nikaugeukia mlango wa pili, kona ya chai, nikaiona birika yetu. Mdomoni ilikuwa na unga uleule.

Mama Ndahani alikuwa mezani kwake anapanga bahasha. Kumuuliza mama yule swali nililotaka kuuliza kulikuwa sawa na kumuuliza padri kama anajua Baba Yetu.

"Mama, samahani. Bwana Kichwa alioshwa na nani?"

"Na mimi. Alikuwa ameota ukijani. Wageni wanakuja, nimwache hivyo?"

"Na akajazwa maji gani, Mama?"

"Maji ya betri, ya duka la—" akaanza. Akatazama dirishani, kule lilipo bomba. Nilimwona akikumbuka. Uso wake ulipita mahali pengi ndani ya muda mfupi, ukarudi.

"Nilikuwa nimeenda kumsuuza bombani," akasema. "Nilikuwa nimtoe, nimkaushe, nikachukue maji ya betri." Akanitazama. "Maji yalikuwa yanatoka."

Mtu yeyote wa Dodoma angeelewa: chombo kitupu, bomba limefunguka, mkono ukafanya kazi yake. Bwana Kichwa alikuwa amejazwa maji ya kisima, na kila asubuhi chumvi yake ilisomeka juu ya sifuri kidogo tu, kiasi cha kutogomewa. Programu, kwa uaminifu mkubwa, ikawa inawapunguzia watu wote wa kanda ya kati chumvi ya Bwana Kichwa kutoka kwenye bongo zao. Ubongo ukipunguzwa mwanga unafanana na ubongo uliojaa maji.

Mama Ndahani aliinuka. Alimbeba Bwana Kichwa mwenyewe, akammwaga, akamsuuza kwa maji ya betri mara kadhaa, akamjaza hayohayo. Alipomlaza kitandani nilimsikia akimwambia, "Nisamehe." Tukapiga picha. Sifuri. Nikairudisha picha ya Mama Sechelela kwenye programu ikaguliwe upya kwa kipimo hicho, na tukasubiri wawili tumesimama, kompyuta ikisaga kama kinu.

Kijani.

Tulimweleza Daktari Mushi yote. Aliitazama ile picha, akaomba na ya dereva, kisha ya karani. Kijani, kijani. Kisha akaomba aone birika. Akaikwangua kwa ukucha, akaonja, akatikisa kichwa. "Basi haendi," akasema. "Abaki hapa nimwangalie mwenyewe. Na ule wembe uondolewe haraka, kabla muuguzi hajapata nafasi." Tukazikagua upya picha zote za msimu ule, akawaita waliohusika mmoja mmoja. Wengi walishukuru. Karani alionekana kupoteza kitu. Juma alirudishwa kwenye safari za mbali alasiri ileile.

Mimi ningenyamaza, na nilikuwa tayari kunyamaza daima. Lakini kwenye kikao cha asubuhi Mama Ndahani alisimama kabla ya ajenda, koti limenyooka, akaeleza mbele ya wote, kuanzia mganga mkuu mpaka walinzi: nilimwosha, maji yalikuwa yanatoka, nikamjaza. Kisha mhasibu, yule wa kofia ya pikipiki, akasema kwa unyonge, "Kwa kweli hata mimi ningejaza," na ukumbi ukaangua kicheko, na yeye Mama Ndahani akacheka mpaka akafuta macho. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote. Mchana akabandika karatasi kwenye kizibo cha Bwana Kichwa kwa mwandiko wake wa wino: USINIJAZE. NIMESHIBA. Ninyi mliikuta karatasi hiyo mkadhani ni mzaha. Ndiyo utaratibu wa usalama wa kwanza kuandikwa katika idara yenu.

Mama Sechelela aliruhusiwa na nywele zake zote. Harusi ilifanyika Kibaigwa, tukaalikwa, na Daktari Mushi alilazimishwa kucheza mbele. Mama Sechelela mwenyewe alikuja kwetu akainamisha kichwa ili kila mmoja wetu aguse zile nywele, na akawaeleza wageni wake kwamba hawa ndio waliotaka kumfungua, na hawa hawa ndio waliokataa. Hakutofautisha, na alikuwa na haki.

Miaka ilipita, mashine ile ikachoka, ikaja mpya, Bwana Kichwa akastaafu kabla yangu. Mama Ndahani naye alistaafu, akarudi Kongwa, na sasa amelala huko. Nilikwenda kumzika, nikalia kuliko nilivyotarajia. Siku yenu ya kuniaga, katikati ya zawadi za vitenge na saa ya ukutani, mkanikabidhi kifurushi kizito, na ndani yake alikuwamo Bwana Kichwa, mtupu, mkavu, na ile karatasi bado iko kwenye kizibo, imekuwa rangi ya chai.

Nilimweka kwenye rafu sebuleni, karibu na picha ya harusi yetu. Juzi nilikwenda sokoni nikachelewa kurudi. Mume wangu, mstaafu mwenzangu, mtu wa Dodoma tangu kuzaliwa, alikuwa nyumbani peke yake. Nilipofungua geti niliona uani foleni nzima imepangwa mpaka ukutani: ndoo, madumu, beseni, chupa ya chai, na mwisho kabisa wa foleni Bwana Kichwa, amejaa mpaka kwenye kizibo, anang'aa juani, na karatasi yake shingoni.

Nikamwita mume wangu. "Baba Tumaini, hii karatasi hukuisoma?"

"Nimeisoma," akasema, akijifuta mikono. "Lakini mama, maji yalikuwa yanatoka."